Macho ya Mtakatifu Marina

Wanawake wa Kaminovo wanasema wifi yangu Dafina alikuwa mtu mkimya. Mkimya! Mimi niliyekaa naye ua mmoja miaka zaidi ya arobaini najua alivyokuwa kabla hamjamjua. Alikuwa na mdomo wa kumtoa mbuzi zizini bila fimbo, na akicheka anashika ukuta asianguke. Alikinyamazia kitu kimoja tu, na hicho kimoja kikayala maneno yake mengine yote. Nakisema leo kwa sababu tumeshamzika, na kwa sababu nimechoka kumsikia mwalimu wetu wa shule akiwasomea wageni uongo kila Jumapili mbele ya ukuta ule.

Kanisa letu la Mtakatifu Petka limezama nusu ardhini. Unashuka vidato vitano, kisha unainama mlangoni utake usitake, hata ukiwa askofu. Wazee wetu walisema lilijengwa fupi makusudi, kwa sababu Waturuki waliotutawala zamani hawakutaka kanisa limpite kimo mtu aliyepanda farasi. Fundi Salih, aliyekuja kututengenezea paa, alipoisikia hadithi hiyo alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Jamani, nyie mnapenda kuonewa! Kanisa hili lilikuwa refu tu. Ni kilima chenu kimeshuka, kila mvua kidogo kidogo, miaka mia sita. Chimbeni hapo nje mtaona madirisha mengine." Hakuna aliyechimba.

Kuta zake zina unene wa mkono mzima wa mtu mzima. Safu moja ya mawe ya mtoni, safu mbili za matofali mekundu, na kizingiti ni jiwe la kaburi la watu waliokuwepo kabla yetu, limegeuzwa maandishi yakawa miguu juu. Ndani ya kuta, juu karibu na tao la dari, waliojenga walifukia mitungi mitupu, midomo yake ikitazama ndani, ili sauti ya mwimbaji ipate mahali pa kuzunguka. Picha zimejaa kutoka sakafuni hadi darini. Karibu na mlango amesimama bwana aliyetoa mali yake likajengwa, na joho lake la manyoya, amebeba mfano mdogo wa kanisa kiganjani kama mtu anayepeleka mkate harusini. Bwana huyo macho yake yapo. Yuda pale mezani macho yake yapo. Lakini watakatifu wote unaoweza kuwafikia kwa mkono hawana macho, wana mashimo meupe.

Kila mwanamke wa Kaminovo alijua kwa nini. Mtoto akiugua macho, mama yake alikwenda alfajiri bila kula kitu, akakwangua vumbi kidogo kwenye jicho la mtakatifu kwa ncha ya kisu, akalichanganya na maji ya chemchemi iliyo nje, nyuma ya ukuta wa madhabahu, akamwosha mtoto na kumnywesha. Asubuhi tatu. Kisha mdomo ufungwe siku arobaini, usimwambie mume, padri wala paka, maana ukisema dawa inaharibika. Hata Waislamu wa Lozhen, ng'ambo ya mto Mesta, wake zao walikuja kuchota maji kwenye ile chemchemi, tunasalimiana, kila mtu na shida yake. Bibi zetu na bibi za bibi zetu wameyanywa macho ya watakatifu mpaka yakaisha. Ndivyo ilivyokuwa, msinitolee macho.

Sasa Dafina. Aliolewa na kaka yangu Mladen, na mimi nilikuwa nimerudi kwa baba baada ya mume wangu kufia vitani. Akazaa watoto wawili wakafa, wa tatu akawa Spas. Alikuwa mtoto mweupe, mtundu, anapanda kila kitu. Katika majira ya baridi ya mwaka elfu moja mia tisa ishirini na saba, Spas akiwa na miaka minne, macho yakaanza kumvimba na kutoa usaha. Mladen akampeleka mjini kwa nyumbu, siku mbili njiani, daktari akampa dawa ya kupaka. Tukapaka. Macho yakatulia wiki moja, yakavimba tena, tukapaka, yakatulia. Daktari alikuwa amesema itachukua miezi. Lakini nani kati yetu alikuwa na subira ya miezi? Dafina alikuwa akikaa na mtoto gizani kwa sababu mwanga ulimuumiza, na mimi kila siku namwuliza, "Wifi, vipi?" naye ananijibu, "Wifi, niache."

Mwezi wa nne theluji ilipoyeyuka, paa la kanisa likawa linavuja kila mahali. Paa lile si vigae, ni mabamba ya mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine bila msumari, na kwa kazi hiyo hapakuwa na fundi bonde zima isipokuwa Salih wa Lozhen. Mwislamu ndiyo, lakini baba yake alilitengeneza, na babu yake pia. Padri Onufri akamkabidhi ufunguo. Salih alikuwa na miaka kama thelathini, mrefu, mwembamba, na maneno hayamwishi. Akiwa juu paani anatupigia kelele sisi tunaochota maji: "Dada zangu, aliyejenga ukuta huu alikuwa fundi! Aliyeukarabati baadaye alikuwa mlevi! Na kwa jinsi ulivyopinda, alikuwa mtu wa Kaminovo!"

Dafina ndiye aliyekuwa akimjibu. "Shuka uunyooshe wewe basi, mdomo kama kinu!"

"Nikishuka utanipa nini?"

"Maharage ya jana!"

"Basi nakaa huku huku na Mungu."

Siku moja, Salih akiwa anagonga ukuta wa kaskazini kutafuta maji yanapopita, chokaa ya zamani ikabanduka kipande kikubwa kama mlango. Chini yake akatokea Mtakatifu Marina, mzima, rangi zake kana kwamba mchoraji ametoka kwenda kula. Amevaa shela nyekundu, amemshika shetani kwa nywele, na mkono wa kulia ameinua nyundo ampige nayo. Na alikuwa na macho. Macho makubwa meusi, mawili, kamili. Salih akatuita tukaja kijiji kizima. "Tazameni," akasema, "mna mtakatifu fundi mwenzangu, mkamfunika kwa chokaa! Anashika nyundo vizuri kuliko nyote."

Padri Onufri alikuwa kijana aliyetoka kwenye masomo, aliyaita mambo ya bibi zetu ushenzi. Alilia kwa furaha mbele ya picha ile. Akaandika barua mjini, waje wapige picha, kisha Jumapili akatangaza kwamba atakayemgusa Marina hata kwa kidole atanyimwa komunyo miaka saba. Alitutazama sisi wanawake aliposema hivyo.

Jioni yake nikamwendea Dafina. Ndiyo, ni mimi. Hakulitoa wazo kichwani mwake, nililiweka mimi, na Mungu analijua hilo.

"Wifi," nikamwambia, "miaka mia hajaguswa. Nguvu zake zote zimo."

"Padri amekataza."

"Padri ana mtoto?"

Akauliza, "Na dawa ya daktari?"

"Iweke kando kwanza. Havichanganywi. Mtakatifu hapendi kushindanishwa."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu hiki, kana kwamba nilikuwa nimekula chakula cha mchana na mtakatifu mwenyewe. Mjinga akijiamini ni hatari kuliko nyoka.

Asubuhi tatu Dafina akaenda, wakati Salih alipokuwa, kama tulivyodhani, bado kwenye chemchemi akinawa kwa sala yake ya alfajiri. Mlango alikuwa akiuacha wazi. Asubuhi tatu tukamshika Spas, mimi miguu, yeye kichwa, tukamtia yale maji meupe machoni. Mtoto alipiga kelele ya ajabu. Mimi nikasema, "Unaona? Inafanya kazi."

Siku ya nne akaja mpiga picha. Padri Onufri akashuka naye vile vidato vitano akiwa anacheka, na akapanda akiwa hana rangi usoni. Kengele ikalia. Tukakusanyika uani. Wanaume wakaingia kwa zamu kutazama mashimo mawili meupe kwenye uso wa Marina, na kila aliyetoka alitoka na hasira zaidi ya aliyemtangulia. Manol, mwenye kilabu cha rakia, ile pombe yetu kali, na mkuu wa kijiji wakati huo, akauliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo tayari.

"Ufunguo alikuwa nao nani?"

Salih alikuwa amesimama na nyundo yake kiunoni. "Mimi."

"Nani mwingine aliingia?"

Yule mtu wa maneno mia kwa pumzi moja hakujibu kitu. Alitutazama tu sisi wanawake, akazunguka na macho yake taratibu, kisha akatazama chini.

"Sema!" Manol akafoka. "Umetoboa wewe au hukutoboa?"

"Sina la kusema," Salih akajibu.

Tulikuwa wanawake wapata hamsini pale. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi sote tulikuwa kata. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa alama zile ni za nini. Bibi Velika, aliyeoshwa kwa jicho la Mtakatifu Nikola akiwa mtoto, alikuwa mbele kabisa, akafanya ishara ya msalaba na kutema mate upande wa Salih. Dafina akapiga hatua. Nikamkamata kifundo cha mkono, nikamng'ang'ania.

"Niache, wifi," akasema kwa sauti ya chini. "Watamwua."

"Hawamwui, watamfukuza tu. Ukisema leo, mtoto anapofuka. Unataka apofuke? Siku arobaini, Dafina. Baada ya hapo sema utakavyo."

Akasimama. Ningemwachia mkono, angesema. Lakini sikumwachia, naye hakuuvuta.

Hawakumwua. Walimpiga, kisha Manol na wengine wawili wakaweka mkono wake wa kulia juu ya kizingiti na kuuangushia bamba la paa, moja ya yale aliyokuwa ameyashusha mwenyewe kuyachonga upya. Alilia mara moja tu. Wakampandisha juu ya punda wake wakampeleka mpaka mtoni. Mladen, kaka yangu, ndiye aliyemwongoza yule punda, na aliporudi nyumbani alisema kazi ya leo ilikuwa nzuri. Dafina akamwekea chakula.

Haikufika siku arobaini. Siku ya ishirini na moja jicho la kulia la Spas likawa jeupe kama maziwa, na la kushoto likafuata. Mladen akambeba tena mjini, Dafina akafuatana nao. Daktari akamfunua kope, akauliza, "Mmemtia nini?" Dafina akasema hajui. "Hii ni chokaa," daktari akasema. "Chokaa inaunguza jicho kama inavyounguza mkono wa mwashi. Ile dawa yangu mliiacha lini? Ilikuwa inamponya." Dafina alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni, hata shela hajavua, akaingia ndani, na tangu siku hiyo sikumsikia akicheka. Msiba wa kujitakia hauna kilio, wanasema. Mimi nasema unacho, ila unalia kwa ndani mpaka unaoza.

Siku ya arobaini na moja alikwenda kwa Padri Onufri akaungama yote. Akamwomba atangaze kanisani kwamba Salih hana kosa. Padri akashika ndevu zake changa. "Mtu ameshakwenda," akamjibu. "Nikitangaza, mjini watasema waumini wangu wanakula picha takatifu. Na Manol atafanywa nini? Na mumeo? Mungu amesikia, mama. Inatosha." Inatosha! Kwa nani?

Basi maisha yakaenda, kwa maana hayana adabu ya kusimama. Dafina akaomba kazi ya kufagia kanisa, akaifanya miaka yote. Spas akakua, akajifunza kusuka vikapu, na kwa vile sauti yake ilikuwa nzuri akashika ibada nzima kwa kichwa, akawa mwimbaji wetu. Alijua mahali hasa pa kusimama, chini ya ile mitungi, sauti ikamrudia kutoka juu. Paa hakuna aliyelimaliza. Mafundi wa kwetu walijaribu saruji, saruji ikapasuka, maji yakashuka ukutani yakamla Marina kuanzia miguuni. Mladen akafa. Manol akafa kitandani kwake, ameshiba. Vita vikaja, serikali zikabadilika, na serikali mpya ikapenda hadithi ya zamani kuliko hata ile iliyotangulia. Wakabandika ukutani kibao cha marumaru, hicho mwalimu anachowasomea wageni: macho ya watakatifu yalitobolewa na Waturuki, maadui wa watu wetu. Dafina alipokuwa akifagia alikipita kibao hicho kila siku. Mimi nilimwona akikifuta vumbi.

Mwaka wa hamsini na nane akaja mtaalamu wa picha za ukutani kutoka mji mkuu, mwanamke mwembamba mwenye suruali, jina lake Bistra. Alikaa wiki mbili juu ya ngazi na brashi. Siku moja akashuka akamwuliza Dafina, kwa upole tu, "Mama, adui gani huyu anayetoboa macho ya watakatifu peke yao, na kwa ncha ya kisu, taratibu hivi, na Yuda anamwacha? Na mbona wote ni usawa wa mkono wa mwanamke? Hizi ni dawa. Nimeziona vijiji thelathini." Alitaka kibao kitolewe. Mwenyekiti wa kijiji akamjibu, "Binti, marumaru imeshachongwa," na mambo yakaishia hapo.

Lakini Dafina alirudi nyumbani kabla hajamaliza kufagia. "Wifi," akaniambia, "kama mgeni amejua kwa kutazama tu, basi mimi namficha nani? Nakwenda Lozhen."

"Labda ameshakufa."

"Basi nitawaambia watoto wake. Wajue baba yao hakufanya kitu."

Nikaenda naye. Sikutaka, lakini ningebaki vipi? Salih alikuwa hai, ameketi karibu na jiko amefunikwa blanketi, kifua kibovu, na ule mkono wa kulia umelala mapajani, vidole vimekauka vimekunjamana. Mwanawe Asan, mtu mzima mwenye mvi kidogo, alitukaribisha bila kutuuliza sisi ni nani. Mkewe akaleta kahawa. Dafina hakuigusa.

"Fundi," akasema. "Mimi ni Dafina wa Kaminovo. Nimekuja kusema mbele ya watoto wako kwamba yale macho..."

"Ulikwangua wewe," Salih akamalizia. "Najua. Nilikuwa juu ya paa, dada yangu. Nilikuwa nimeondoa mabamba upande ule, na tao chini yake lina ufa, nikakuona asubuhi zote tatu. Nilikuwa nashusha pumzi polepole nisikushtue."

Asan akageuka. "Baba! Ulijua? Miaka yote hii ulijua?"

"Sasa ningesema nini? Bibi yenu alifanya hivyo hivyo kwa ajili yangu nilipokuwa mdogo. Ukisema, dawa inaharibika." Alikohoa, akapumzika. "Nikajiambia, Salih, vumilia siku arobaini. Zilipokwisha, nani angenisikiliza? Na mkono ulikuwa umeshakwenda. Ila jambo moja limenisumbua, sikupata mtu wa kumwuliza. Mtoto je? Aliona?"

Nilimtazama Dafina. Spas alikuwa na miaka thelathini na mitano. Asubuhi ile alikuwa ametufungulia lango kwa kupapasa.

"Aliona, fundi," Dafina akasema. "Anaona mpaka tundu la sindano."

Salih akacheka kile kicheko chake cha paani, hafifu tu, akajifuta machozi kwa mgongo wa ule mkono mbovu. "Asan, umesikia? Miaka yote mnaniuliza mkono wangu uliliwa kwa faida gani. Umesikia ulikokwenda?" Kisha akamwinamia Dafina. "Mlete siku moja, dada. Nataka anitazame. Basi, anitazame tu."

"Atakuja," Dafina akasema.

Njiani nilimwuliza mara moja, "Sasa wifi, umefanya nini?" Aliongeza mwendo, nami sikurudia. Alikwenda na mzigo mmoja akarudi na miwili, na wa kwanza hata hakuushusha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, Asan akaja. Lango lilikuwa wazi. Mimi na Dafina tulikuwa uani tunachoma pilipili, na Spas ameketi karibu na mlango anasuka kikapu. Asan akamsalimu. Spas akainua uso na yale macho meupe, akageuzia sikio kwenye sauti, akaanza kupapasa hewani atafute mkono wa mgeni aushike. Asan alimpa mkono wake. Aliuacha pale muda mrefu.

Kisha akamtazama Dafina. "Baba amefariki juzi," akasema. "Kila siku ya soko alituambia tumtoe nje tumweke njiani, eti kijana wa Kaminovo anakuja kumtazama."

Tulimkaribisha kahawa. Hakunywa.